Sentimita Thelathini na Sita

Maicol, kijana wa tiketi, ananihesabia kwa vidole:
Punta Arenas hadi Santiago, Santiago hadi Madrid,
Madrid hadi Oslo, Oslo hadi Tromso.
Ndege nne. Saa thelathini na nne,
na tisa kati ya hizo ni za kukaa tu
kwenye kiti cha chuma, mkoba mapajani.

Na kwa njia iliyonyooka?
Anacheka. "Mama, hakuna anayeruka hivyo."
Sikuuliza nani anaruka.
Niliuliza ni mbali kiasi gani.

Miaka thelathini na mmoja nilipima sufu
katika ghala la bandarini, robota kwa robota,
na sikuandika hata siku moja uzito wa kuambiwa.
Basi nikarudi nyumbani, upepo ukinisukuma mgongoni
kama mdai,
nikalishusha kabatini tufe la dunia la Danica, la shuleni,
lenye nchi mbili tatu ambazo siku hizi hazipo.
Nikakata uzi.
Ncha moja nikaibana kwetu, huku chini kabisa,
pale rangi ilipobabuka kwa kidole chake,
nikauvuta: ukaipanda Ajentina, ukaikata Brazili,
ukatumbukia baharini si mbali na mdomo wa Amazoni,
kisha maji, maji, maji,
hadi kule juu, kwenye ukucha wa Norwe.

Sentimita thelathini na sita.
Kila sentimita ni nusu saa ya ndege
isiyotua, isiyochoka, isiyokuwapo.
Saa kumi na nane, basi.
Danica mwenyewe, kuja duniani, alitumia ishirini na mbili.

Watu wa hapa husema aliyekula tunda la kalafate
hana budi kurudi.
Alikula hadi meno yakawa zambarau.
Huu ni mwaka wa tisa.

Juni. Kwangu ni saa moja usiku,
giza limekwisha kukaa na kuvua viatu.
Kwake ni saa sita usiku,
naye amevuta pazia zito ili Eskil alale,
maana jua limesimama dirishani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Wote wawili tunasema "usiku".
Mtoto hajalala. Anaidaka simu,
Kihispania chake kinachechemea:
"Bibi, wewe uko mbali kiasi gani?"

Nikautia uzi katika bahasha.
Kabla ya kuifunga nikautoa tena,
nikauweka juu ya mizani ya jikoni. Mazoea tu.
Sindano haikutikisika.

Barua ilichukua siku ishirini na sita.
Kumbe Eskil naye ana tufe, kubwa, lenye taa ndani.
Amebana ncha kwetu, ameuvuta uzi kwa nguvu zake zote,
na uzi umekoma baharini,
kaskazini ya visiwa vya Azori,
mahali pasipo na jina wala nukta, buluu tupu.
"Haufiki," anasema. Namsikia akivuta kamasi.
"Bibi, haufiki."

Ningeweza kumweleza habari za vipimo,
kwamba dunia yake ni pana kuliko yangu.
Mama yake alikwisha kumweleza, nadhani,
kwa sauti ile ya watu waliosoma.
Mimi nikamwambia: shika hapo hapo.
Usiiachilie ncha.

Asubuhi, kwa Maicol.
Ndege zote nne, ndiyo. Saa zote, ndiyo, na viti vya chuma.
Anagonga herufi zake bila kuniangalia.
"Kiti cha kando au cha dirishani?"
Cha dirishani. Kuna mahali nataka kupaona,
baharini, juu ya Azori.
"Lakini ndege haipiti huko, mama."

Najua haipiti.
Nimesema dirishani.